Majeruhi Akirudi Nyumbani, Nani Atamuuguza?

Tulipanda Bwesumbu siku ya Jumamosi, tukiwa watu watatu na mfuko wa sukari, kwenda kumtazama koplo mmoja aliyejeruhiwa uti wa mgongo miaka miwili iliyopita. Jina lake tutaliacha, kwa kuwa hakutuomba tumtangaze gazetini. Aijuaye wilaya ya Kasese anafahamu kwamba Bwesumbu iko kaskazini, ukiiacha barabara kuu ya Fort Portal na kuanza kukwea mbavu za Rwenzori. Bodaboda hupanda mpaka mahali fulani, na baada ya hapo mtu hutegemea miguu yake. Koplo yule alipitishwa njia hiyo juu ya machela, mabegani mwa vijana waliopokezana, siku aliporuhusiwa kutoka hospitali. Alipofika nyumbani palichinjwa mbuzi. Majirani waliimba, mchungaji aliomba dua, na mwenyekiti wa LC1 alitoa hotuba ndefu kidogo. Miezi mitatu baadaye koplo alirudishwa bondeni kwa njia ile ile, juu ya machela ile ile, akiwa na kidonda juu ya makalio ambacho ngumi ya mtu mzima ingeingia.

Kidonda hicho hakikufanywa na risasi. Kilifanywa na kulala.

Ukoo ulikuwa umemteua mpwa wake amuuguze, kijana wa miaka 15 aliyekuwa ameacha shule. Sababu ya kumteua ilikuwa moja tu, kwamba kijana hakuwa na kazi. Alikuwa mtoto mwema, mwenye heshima, na kwa muda wa miezi mitatu alimletea mjomba wake chakula, akamtolea uchafu, na usiku akalala usingizi wa vijana. Hakuna aliyemweleza kwamba mtu asiyehisi chochote kuanzia kiunoni hawezi kujua kuwa nyama yake inaoza. Hatumlaumu kijana huyo hata kidogo. Tunalilaumu baraza la ukoo lililomkabidhi mzigo huo, na tunajilaumu sisi wenzake koplo, tuliokuja siku ya mbuzi, tukapiga picha, tukashuka, tusiulize hata swali moja juu ya nani angebaki pale usiku.

Katika jeshi letu, na bila shaka katika polisi vilevile, hakuna kamanda amwekaye askari kulinda ghala la silaha usiku kwa sababu tu askari huyo hana shughuli nyingine. Atapenda kujua kama ni mlevi, kama husinzia, kama anaweza kutoa taarifa ya kweli asubuhi hata ikiwa taarifa hiyo inamwaibisha yeye mwenyewe. Lakini askari aliyelilinda ghala hilo anapojeruhiwa na kurudi kwao, wazee hukutana, huangaza macho huku na huku, na kumwita yule asiyekuwa na kazi. Au, ikiwa yupo mke, hawaitani kabisa, kwa kuwa mke huhesabiwa kuwa ameteuliwa tangu siku ya harusi. Maoni yetu ni kwamba desturi hii imeua askari wengi waliokwisha kuokolewa na madaktari, na kwamba haitabadilika mpaka sisi wenyewe tulio katika vikosi tuanze kulihesabu jambo la muuguzaji kuwa sehemu ya matibabu.

Yafaa kwanza tuelewe kazi yenyewe ni ipi. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, serikali ya Uingereza ilifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, na kumkabidhi daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1939. Kabla ya hapo askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri siku yake. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na kwa ugonjwa wa njia ya mkojo, hali jeraha lenyewe limekwisha kupona. Guttmann hakuleta dawa ya ajabu. Aliamuru kila majeruhi ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na yeye mwenyewe alikuwa akizunguka wodini usiku kuhakikisha kwamba amri inatekelezwa. Majeruhi wakaanza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa mjini London, askari 16 wa zamani, wanaume kwa wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa pinde na mishale wakiwa juu ya viti vya magurudumu katika bustani ya hospitali hiyo. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki.

Kila baada ya saa mbili maana yake ni mara kumi na mbili katika siku moja, na nyingi kati ya hizo ni za usiku. Hapo ndipo pa kumpimia muuguzaji. Kupika wengi wanaweza, na kufua wengi zaidi. Tunayemtafuta ni mtu atakayeamka saa nane za usiku, mvua ya mlimani ikipiga mabati, akawasha taa, akamgeuza mgonjwa ubavu, akaweka mto katikati ya magoti, akapapasa visigino na mifupa ya nyonga kuona kama ngozi imebadilika rangi au imepata joto, kisha akarudi kulala akijua kwamba saa kumi ataamka tena. Ikiwa mgonjwa ana mpira wa mkojo, mtu huyo ndiye atakayeangalia kwamba mfuko wake uko chini ya usawa wa kibofu, kwamba mpira haukujikunja, na kwamba mgonjwa amekunywa maji ya kutosha. Mkojo ukianza kuwa mzito, au wenye damu, au homa ikipanda, yeye ndiye atakayesema "tushuke hospitali" kabla mzee yeyote wa ukoo hajasema "tungoje mpaka kesho."

Na wagonjwa si wa aina moja. Huko Bwera, kwenye kona nyingine ya wilaya karibu na mpaka wa Kongo, tunamfahamu inspekta wa polisi aliyestaafu, aliyepatwa na kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kuume. Huyu hakuhitaji kugeuzwa sana, kwa maana anaweza kujisogeza. Hatari yake ilikuwa kijiko. Binti aliyeajiriwa kumtunza alikuwa akimlisha akiwa amelala chali, kwa upendo na kwa haraka, na chakula kikawa kinapita njia ya pumzi. Mara mbili alishikwa na nimonia. Nesi mmoja alipofika kumtembelea alitumia dakika kumi kuonyesha jinsi ya kumkalisha wima, kumpa chakula laini kwa matonge madogo, kungoja ameze, na kumwacha ameketi kwa muda baada ya kula. Halafu akaulizia chumvi. Katika nchi hii yetu, ambayo Katwe imekuwa ikiitolea chumvi tangu enzi za mababu, mgeni wa maana hupikiwa chakula kilichokolea, na mgonjwa naye huhesabiwa kuwa mgeni wa maana. Mzee wa watu, mwenye shinikizo la damu lililokwisha kumwangusha mara moja, alikuwa akipewa samaki wa chumvi kila jioni kama heshima.

Kwa hiyo, kabla hatujauliza "nani?" imetupasa kuuliza "kwa kazi gani?", na mahali pa kuuliza ni hospitali, siku kadhaa kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Hapa nchi yetu ina jambo moja ambalo watu huliona kuwa kasoro, nasi tunaliona kuwa shule. Katika hospitali zetu, ziwe Bwera, Kagando au Kilembe, kazi ya kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kumfulia hufanywa zaidi na ndugu aliyekuja naye. Manesi ni wachache na wodi zimejaa. Basi ukoo hupeleka mtu wa zamu: leo dada, kesho shemeji, Jumapili jirani wa kanisani. Anayekuja kumuuguza nyumbani ni mtu wa nne ambaye hakupata kukanyaga wodini. Tunashauri kinyume chake. Yule aliyekusudiwa kumuuguza nyumbani na awe ndiye anayekaa naye hospitali juma la mwisho zima, amwone nesi akisafisha kidonda, akisafishe yeye nesi akiwa anatazama, afunge bandeji, aifungue, aifunge tena. Akishindwa mbele ya nesi hakuna hasara. Atakayechukua nafasi yake bado anaweza kutafutwa. Akishindwa Bwesumbu, hasara tumekwisha kuieleza.

Tena mtu huyo aondoke hospitali na maandishi: dawa zipi na kwa saa zipi, siku ya kurudi, dalili zinazotaka mgonjwa arudishwe mara moja bila kungoja siku hiyo. Aweze kusoma maandishi hayo, au pawepo mtu nyumbani wa kumsomea. Tumeona karatasi za hospitali zikitumiwa kufungia sukari.

Wapo watakaosema kwamba ndugu ni bora kuliko mtu wa kuajiriwa, kwa kuwa damu ni nzito. Hatukatai. Lakini tumejionea kwamba damu hiyo hiyo humzuia ndugu kulalamika anapochoka, na humzuia mgonjwa kumkosoa ndugu anapokosea. Mke wa sajini mmoja alimgeuza mumewe peke yake kwa muda wa miezi saba, mwanamume wa kilo themanini na zaidi, huku ananyonyesha, huku analima, mpaka mgongo wake mwenyewe ukamshinda. Na siku aliposema hawezi tena, wakwe walimwita mvivu. Kwa nini ilionekana aibu kumwajiri kijana mwenye nguvu wa kumsaidia kunyanyua, asubuhi na jioni, hali fedha za mbuzi na za hotuba zilipatikana bila taabu? Mke ni mke. Akigeuzwa kuwa nesi wa saa 24, mgonjwa hupoteza mke, na nesi mwenyewe hadumu.

Ikiwa ataajiriwa mtu wa nje, hapana budi atafutwe kwa utaratibu. Katika kila kijiji wapo wahudumu wa afya wa kujitolea, hao tunaowaita VHT, ambao serikali ilianza kuwaweka tangu mwaka 2001. Wanazijua nyumba zote na wanajua nani aliwahi kumuuguza nani, na mgonjwa yule aliishia wapi. Wapo pia wasaidizi wa wodi waliostaafu, wanawake na wanaume waliogeuza wagonjwa kwa miaka ishirini, ambao hakuna anayewafuata mpaka siku ya msiba. Akija mtu anayejiita nesi, aulizwe leseni yake, maana Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda huwaandikisha wauguzi, na muuguzi wa kweli haoni haya kuonyesha karatasi yake. Yule asiye muuguzi wa cheti, na wengi watakuwa hivyo, hakosi sifa kwa sababu hiyo. Ila asipewe kazi ya sindano, wala asithubutu kuifanya.

Tunapenda aulizwe maswali ya kawaida kwa lugha ya kawaida. Mgonjwa wa mwisho uliyemtunza alikuwa na nini, na uliondokaje pale? Utafanya nini ukimkuta ameanguka? Akikataa kula siku mbili je? Akikutukana? Swali hilo la mwisho tunalipa uzito mkubwa, kwa sababu askari aliyezoea kutoa amri, akijikuta ameoshwa na mtu kama mtoto, hutukana. Anayejibu kwamba atavumilia kila kitu hatujamwamini sana. Tulimpenda zaidi mama mmoja aliyesema, "Nitatoka nje, nikae mpaka hasira yangu iishe, kisha nirudi nimgeuze." Baada ya maswali pawe na majuma mawili ya majaribio, na katika majuma hayo mtu wa nyumbani aamke usiku mara moja moja bila taarifa, kama afisa wa zamu anavyotembelea malindo.

Juu ya mpaka tuna neno la peke yake. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni watu wa lugha moja na ukoo mmoja. Mpaka wa Mpondwe na Kasindi uliwakuta wakiwa tayari ndugu. Ni kawaida mgonjwa wa Bwera kuuguzwa na shangazi kutoka Beni, na mgonjwa wa ng'ambo kuuguzwa na binti aliyeolewa Kasese. Hatutaki kamwe desturi hiyo ife. Lakini tusisahau mwezi wa Juni 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa katika Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti 2018. Mama mmoja, Mkongo aliyeolewa Uganda, alikwenda kwao pamoja na watoto wake kumuuguza baba yake aliyekuwa mgonjwa, na baba huyo akafariki kwa Ebola. Familia ilivuka kurudi Uganda tarehe 9 Juni. Mtoto wa miaka 5 alifikishwa hospitali ya Kagando akiwa anaumwa, akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera, na tarehe 11 vipimo vikathibitisha. Yeye, bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 wote walifariki dunia. Manesi wa Kagando walimtambua mapema, na karibu wahudumu wa afya 4,700 nchini walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Kwa sababu hizo ugonjwa haukusambaa kutoka kwa familia ile upande wa Uganda. Ng'ambo, hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287.

Mama yule hakufanya kosa la moyo. Alikwenda kutenda lile ambalo kila binti angetenda. Tunalokumbusha ni kwamba mkono unaouguza ndio wa kwanza kuguswa na ugonjwa na wa kwanza kuuchukua. Hivyo muuguzaji anapotoka mbali, upande wowote wa mpaka, apite kituo halali cha Mpondwe mahali pa kupimwa joto, asipite vichochoroni mtoni. Na kabla hajagusa kidonda cha mgonjwa aulizwe, bila haya wala dharau, ametoka kwa mgonjwa gani na alikuwa na nini. Ndugu zetu polisi na askari walio katika malindo ya mpakani wanazijua njia hizo za panya kuliko sisi. Nao pia wana wagonjwa nyumbani.

Sasa tuje kwenye fedha, ambazo watu hupenda kuzizungumza mwisho na kwa sauti ndogo. Askari aliye Somalia au katika operesheni ya Shujaa ndani ya Kongo, na baba yake amevunjika nyonga kijijini, hutuma fedha za miezi sita kwa mkupuo kwa mjomba, akitegemea mjomba amlipe muuguzaji. Mwezi wa kwanza hulipwa. Mwezi wa tatu mjomba ana paa la kuezeka. Mwezi wa nne muuguzaji huondoka alfajiri bila kuaga, na mzee hukutwa na majirani mchana akiwa na kiu. Tunasema muuguzaji alipwe yeye mwenyewe, kila mwezi, kwa simu yake mwenyewe. Anayeona shida kukumbuka kila mwezi akiwa kazini aende kwa wenzake wa Wazalendo SACCO, na polisi aende Exodus SACCO, apate mtu wa kumshauri jinsi ya kupanga malipo yake kabla hajaondoka. Wala tusimlipe muuguzaji kwa ahadi ya shamba litakalopatikana mzee akifa. Mapatano ya namna hiyo hatuna haja ya kuyaeleza kwa polisi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila juma, na mtumishi wa nyumbani hakutolewa nje ya ubinadamu huo. Ni nani basi atakayekaa na mgonjwa siku hiyo moja? Lazima jina la mtu wa pili lijulikane tangu mwanzo, naye afundishwe mambo yale yale. Familia isiyoweza kumtaja mtu wa pili haijawa tayari kumpokea mgonjwa, hata ikiwa mbuzi amekwisha kufungwa kambani. Na mtoto asiondolewe shule kwa kazi hii. Tumemwona mpwa wa koplo. Sasa ana miaka 17, na bado anaamini kwamba yeye ndiye aliyemtoboa mjomba wake.

Mambo mengine tutayataja kwa ufupi. Mgonjwa asiyeweza kujitetea asiachwe na silaha ndani ya nyumba, wala kadi yake ya benki na namba yake ya siri visiwe mikononi mwa mtu anayemlisha. Akionekana na michubuko isiyoelezeka, au akianza kuogopa anaposikia hatua za mtu fulani, ndugu waulize, na wasipojibiwa waende kituoni. Pombe ya mgonjwa na pombe ya muuguzaji ni hatari moja. Kuna na yule asiyelala kwa kuwa vita bado vinaendelea kichwani mwake. Muuguzaji aelezwe mapema asimwamshe kwa kumshika ghafla, na daktari aambiwe. Maumivu nayo si lazima yavumiliwe kiume. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zilizotangulia barani Afrika katika kumfuata mgonjwa nyumbani: TASO, aliyoianzisha Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, ilifanya hivyo wakati ambapo jirani aliogopa kumpa mgonjwa wa UKIMWI hata mkono, na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilileta mofini ya kunywa, ambayo tangu mwaka 2004 manesi waliofunzwa kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika. Aulizwe nesi wa hospitali iliyo karibu.

Tumebakiza mtu mmoja ambaye hatujampa nafasi ya kusema, na ndivyo inavyotokea katika mabaraza mengi ya ukoo. Mgonjwa mwenyewe. Ikiwa akili yake ni timamu, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Mwanamume mzima huenda hapendi kuoshwa na shemeji yake; katika mila zetu nyingi hilo ni jambo la kuvunja heshima ya pande mbili, na mgonjwa hunyamaza tu, akapunguza maji ya kunywa ili asihitaji kusaidiwa, hata figo zikadhurika. Mwanamke askari, na tunao wengi, huenda hataki kaka yake amfunge bandeji ya paja. Hayo si mambo ya kudekeza mtu. Ni mambo ya mgonjwa kukubali kutunzwa au kukataa kimya kimya. Jeshi letu lina kituo cha Mubende kwa ajili ya majeruhi wenye ulemavu, na huko askari wenyewe hueleza wazi yupi awasaidie kwa lipi. Nyumbani, mbele ya wazee, kinywa huwa kizito. Kamanda wake au mwenzake wa kikosi anaweza kumuuliza faraghani, kisha akalifikisha neno barazani kana kwamba ni lake. Hiyo ni kazi ndogo, na maafisa wa cheo chochote wanaiweza.

Koplo wa Bwesumbu aliulizwa safari ya pili. Alilala hospitali karibu mwaka mzima hadi kidonda kilipojaa nyama. Aliposikia anarudi nyumbani aliomba mambo mawili: mdogo wake wa kiume amwogeshe, na usiku alindwe na mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani, aliyewahi kuwa msaidizi wa wodi na ambaye watu wa ukoo walimwona kuwa mkali mno. Ukoo ulisita. Alikwenda mwenyekiti wa LC1, akaenda na mchungaji, mwishowe wakakubali. Mshahara wake hutoka moja kwa moja kwa koplo, na siku ya Jumapili hukaa binti wa mchungaji, aliyefundishwa naye.

Tulimkuta koplo ameketi katika kiti cha magurudumu chini ya mwavuli wa migomba, anachambua kahawa kwenye ungo. Tulikula bundu na maharage, tukazungumza habari za wenzetu. Alituonyesha ukanda wa ngozi aliopigiliwa juu ya mlango ili ajivute na kunyosha mikono. Mazungumzo yalikuwa yanaanza kunoga, na mmoja wetu alikuwa katikati ya hadithi ya kambini ya zamani, ndipo mama yule alipotokea mlangoni akiikausha mikono kwa kanga, akaitazama saa yake.

"Afande," alituambia, "hadithi itangoje. Amekaa muda wake. Tokeni, tumlaze ubavu."

Tukatoka.